Onyo Nililolizima kwa Mkono Wangu

Wiki iliyopita niliwaacha mahali pabaya, na mimi mwenyewe nimekaa hapohapo siku saba nikijiuliza kama nitapata moyo wa kuendelea. Wapo walioniandikia kunipa pole. Wapo walioniandikia kunitukana. Waliotukana wamekaribia ukweli zaidi, na leo mtaona kwa nini.

Kwa aliyejiunga nasi leo, mimi ndiye niliyetengeneza Kalamu, programu ya kuandikia barua na kupangia majedwali, pamoja na wenzangu kumi katika vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Tulitaka kushindana na programu inayotumiwa na kila ofisi unayoijua. Sisi hatukuwa tukiitaja kwa jina lake. Tuliiita Ile Kubwa, tena kwa sauti ya chini, kama watu wanaomsema baba mwenye nyumba.

Miaka sita tuligonga mwamba. Mwaka wa saba hospitali moja ikatukubali. Jumatatu tukaanza na wodi ya magonjwa ya moyo, ghorofa ya pili. Alhamisi asubuhi shangazi yangu, aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, akaanguka jikoni kwake, na hospitali ya karibu ilikuwa hiyohiyo.

Nilimkimbiza huko, tukaishia mapokezi, ghorofa ya chini, ambako Kalamu ilikuwa bado haijafika. Daktari alikuwa ameandika dawa tano za shangazi kwenye jedwali, ndani ya Ile Kubwa. Majibu ya damu yakaletwa. Akayasoma, akaguna, akachagua dawa ya tatu, akabonyeza kitufe, na maneno yake yakapitiwa na mstari katikati.

Nilimuuliza kwa nini asiifute tu. Nilimuuliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake, bila nia yoyote.

"Hapa hatufuti," alisema. "Tunakata. Anayekuja baada yangu lazima aone nilikuwa nimefikiria nini kabla sijabadili mawazo. Hii ni ya kuzuia damu isigande, na damu ya huyu mama tayari ni nyepesi mno. Akipewa atavuja ndani kwa ndani."

Akaeleza kwamba huo ni utaratibu wao tangu enzi za karatasi na wino mwekundu. Kompyuta zilipokuja waliuhamisha ulivyo. Akahifadhi faili, akasema shangazi apelekwe ghorofa ya pili.

Nilishika ukuta. Daktari alidhani ni uchungu wa mgonjwa wangu, akanipigapiga begani.

Sasa niwaambie jambo ambalo nimekuwa nikilikwepa tangu sehemu ya kwanza.

Katika miaka yangu yote ya kuiuza Kalamu, hakuna aliyeniuliza kama ni nzuri. Hakuna aliyeniuliza kama ni nyepesi, wala kama haigandi, wala kama inaelewa lugha yetu vizuri zaidi. Wote waliuliza kitu kimoja: inafungua mafaili ya Ile Kubwa? Nimeulizwa swali hilo mara nyingi kuliko nilivyoulizwa jina langu.

Nami nilijibu ndiyo. Ukweli ni kwamba ilikuwa inafungua kwa kubahatisha. Wenye Ile Kubwa hawamwelezi mtu jinsi mafaili yao yanavyofungwa ndani, kwa hiyo sisi tuliyasoma kama mtu anayesoma barua ya jirani kwa kuiinua bahasha kwenye mwanga. Mengi tuliyapata. Mengine tuliyakosa, na ya kukosa hayajitangazi.

Ofisini tulikuwa na mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta makosa yetu. Tulimwita Mama Kasoro, naye hakukasirika, alilipenda jina. Ndiye aliyebuni utepe wa njano. Kalamu ikifungua faili lenye kitu ambacho haijakielewa, utepe wa njano ulitokea juu ya kioo na maneno haya: "Kuna mambo katika faili hili sijayasoma. Linganisha na la awali kabla hujalitumia."

Nilijivunia utepe ule, nikauonyesha hospitalini siku ya majaribio.

Karani Mkuu wa hospitali alifungua mafaili manne mbele yetu. Matatu yalitoa utepe. Akavua miwani. "Hii njano inanitia wasiwasi," alisema. "Ile Kubwa haijawahi kunitia wasiwasi."

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akituuzia, alinikanyaga mguu chini ya meza. Karani alitupa wiki mbili tukajipange.

Wiki hizo mbili Mama Kasoro alinipa orodha ya kasoro mia mbili na ushee. Ya mia mbili na kumi na mbili ilisema hivi: maneno yaliyokatwa kwa mstari, yakiwa ndani ya jedwali la Ile Kubwa, Kalamu inayaonyesha bila mstari. Alikuja mwenyewe mezani kwangu kuisisitiza. Nikamuuliza kama maneno yanapotea. Akasema hapana, yanabaki, ila yanaonekana kama hayajawahi kukatwa.

"Basi hiyo iweke kwenye urembo," nilimwambia.

Urembo lilikuwa fungu letu la mambo madogo ya sura: rangi isiyokolea, herufi iliyosogea. Tulikuwa tukiyafanya tukipata nafasi, na nafasi hatukuipata.

Jioni ileile nilikaa peke yangu na kuuondoa utepe wa njano. Haikunichukua hata robo saa. Kwenye majaribio ya pili Karani alifungua mafaili yaleyale manne, yakafunguka meupe, safi, bila neno. Akacheka kwa furaha. Akasaini.

Haya, turudi hospitalini.

Tulifika ghorofa ya pili saa saba kasoro robo. Wodi ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda vinane, sakafu imepigwa deki mpaka inateleza, na karibu na mlango meza ya Sista yenye kompyuta. Nilikuwa nimeisimika kompyuta hiyo kwa mikono yangu Jumatatu. Kibandiko cha Kalamu kilikuwa bado kipya ubavuni mwake.

Sista alinitambua. Alikuwa dada mwenye sauti ya upole, viatu vyeupe, saa ameibana kifuani. Alisema programu yetu ni nyepesi, ile ya zamani ilikuwa ikiwaweka wanasubiri mpaka chai inapoa. Kisha akafungua faili la shangazi.

Nilisimama nyuma ya kiti chake. Jedwali likaja. Dawa tano, mistari mitano, yote safi kama ndiyo kwanza imeandikwa. Ya tatu ilikuwa pale, imekaa kwa adabu kati ya ya pili na ya nne, kama vile hakuna mtu aliyewahi kuikata.

Sista alianza kunakili kwenye orodha ya dawa za saa nane. Moja. Mbili. Kidole chake kikafika kwenye ya tatu.

Ndugu msomaji, pale palikuwa na mlango wazi. Nilitakiwa kusema maneno saba tu: programu yangu inarudisha dawa zilizokatwa, acheni kuitumia. Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku ile.

Nilichosema ni hiki: "Sista, hiyo ya tatu shangazi hawezi kuimeza. Akiimeza anavimba mdomo."

Aligeuka. "Mbona daktari hajaandika?"

"Nilisahau kumwambia. Nilikuwa nimechanganyikiwa."

Akanitazama kidogo, kisha akasema heri nimesema. Akaichagua dawa ya tatu, akabonyeza kitufe cha kukata, na mstari ukapita katikati ya maneno, mweusi, mnene, umenyooka. Mistari inayochorwa ndani ya Kalamu haina shida yoyote. Akahifadhi.

Alipohifadhi, faili la daktari la kule chini likafunikwa na hili la Kalamu. Kila faili lililopita kwenye meza ile tangu Jumatatu lilikuwa limefunikwa hivyo, na mistari ya madaktari ilikuwa imekwenda na maji.

Shangazi alilazwa kitanda cha saba. Alikuwa macho, ila hana nguvu ya kuinua shingo. Niliketi pembeni nikashika mkono wake, nikajiambia kwamba yeye ameokoka, mengine nitayarekebisha kimyakimya jioni. Nilijiambia hivyo kwa kama dakika tano nzima, na ziliniliwaza.

Kitanda cha nane, cha dirishani, kilikuwa na mwalimu mstaafu wa hesabu. Mama mnene, mcheshi, miwani imefungwa kamba shingoni. Alikuwa amepandishwa kutoka ghorofa ya chini jana jioni. Aliniuliza mimi ni nani wa mgonjwa, nikamweleza, akasema shangazi yangu ana bahati, watoto wake yeye wanakuja Jumapili tu, tena wakikumbuka.

Kisha akaongea kama anayejiongelesha. "Kule chini walikuwa wananipa kidonge kimoja cha moyo. Huku leo asubuhi wamenipa vitano. Nikamwambia Sista, hesabu hii imeruka. Ama ninapona haraka, ama ninaondoka haraka."

Alicheka mwenyewe.

Nilimuuliza anajisikiaje baada ya vile vitano. Akasema macho yanaona njano pembeni, na tumbo linakataa chakula, lakini uzee nao ni ugonjwa. Vingine vitano vilikuwa vya saa nane.

Nilikwenda mezani kwa Sista. Nikajifanya nakagua kama kompyuta inakwenda vizuri, nikamwomba afungue mafaili mawili matatu. Aliyafungua bila kinyongo. Kwenye faili la mwalimu, katika kisanduku cha kipimo cha dawa ya moyo, paliandikwa: vidonge vinne kidonge kimoja.

Vinne vilikuwa vimekatwa. Daktari alikuwa amepunguza mpaka kimoja, akaandika kimoja pembeni, kama utaratibu wao unavyotaka. Kalamu ilikuwa imeuondoa mstari, na Sista akawa amejumlisha.

"Hapa daktari ameandika ajabu kidogo," nilisema. Nilijaribu kuifanya sauti yangu iwe ya kawaida.

"Hata mimi niliona," alisema. "Nilitaka kumpigia daktari wake, lakini yuko kwenye upasuaji mpaka saa tisa. Nikaona vinne na kimoja ni vitano. Nimeandika alivyoandika."

Nikauliza kama huyo ni wa peke yake. Akashusha orodha. Kitanda cha pili, dawa mbili za aina moja zimefuatana. Kitanda cha tano, dawa sita kwa mzee ambaye hata mwenyewe alikuwa ameshangaa. Yote meupe, safi, bila neno. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika ishirini na tano.

Nilitoka kwenye korido, nikasimama karibu na ndoo za deki, nikampigia Mama Kasoro.

Nilianza kwa mzunguko. Nikamuuliza kazi zinaendaje, nikamuuliza kuhusu kasoro ya mia mbili na kumi na mbili, kama kuna mtu ameigusa.

"Uliniambia niiweke kwenye urembo," alisema. "Urembo ni mwezi ujao. Kwa nini?"

"Nimeikumbuka tu."

Mama yule alikuwa na pua ya makosa, hata ya kwenye simu. Aliniuliza niko wapi, nikamwambia. Aliniuliza kama wodini kuna kitu kinachokatwa kwa mstari, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kulimtosha.

"Bosi, sikiliza. Utepe wa njano ninao, sikuutupa. Naweza kuurudisha na kuutuma kwenye kompyuta zote za wodi ndani ya dakika kumi. Watauona, wataacha, watampigia daktari. Nywila ya kutuma unayo wewe peke yako. Nitajie."

Dakika kumi. Ilikuwa saa saba na nusu. Hesabu hiyo hata mimi niliiweza.

Nilifungua mdomo kumtajia. Naapa nilifungua. Simu ikatetemeka sikioni, ni shemeji anaingia. Nikamwambia Mama Kasoro asubiri kidogo.

"Shem, uko hapo hospitalini?" Shemeji alikuwa akihema kwa furaha. Alikuwa garini na Karani Mkuu na wageni watatu, wakubwa wa hospitali nyingine tatu, waliotaka kuona Kalamu ikifanya kazi kabla hawajaachana na Ile Kubwa. Walikuwa wakija moja kwa moja wodini. Wangefika kabla ya saa nane. Akasema Mungu amenipanga niwe hapohapo.

Nilimwambia kuna tatizo dogo na kwamba pengine itabidi turudishe ule utepe.

Furaha ilimtoka. "Utepe gani? Ule wa njano? Leo?"

"Leo."

"Shem, nisikilize vizuri. Utepe ule ukionekana leo mbele ya wale watu, hatuna hospitali tatu na hata hii moja hatuna. Watu kumi ofisini wana watoto. Dada yangu ameuza shamba lake kwa ajili yako. Chochote kilichopo, kificheni mpaka jioni. Jioni nitakusaidia mwenyewe."

Dada yake ndiye mke wangu. Shamba alikuwa ameliuza kweli, wala hakuwahi kunitajia tena.

Nilirudi kwa Mama Kasoro. Alikuwa bado yuko hewani, akisubiri. Nilimwambia nitampigia baadaye.

"Baadaye saa ngapi?" aliuliza.

Nikakata simu. Akapiga. Nikaizima. Naliandika hili bila kulipamba: nilikuwa na akili zangu timamu, nilikuwa sijalewa, na hakuna aliyenishikia bunduki. Niliogopa kurudi kuwa yule mtu anayebisha hodi kwenye ofisi za watu akiulizwa swali lilelile.

Nilipoingia wodini, shangazi alikuwa amegeuza kichwa ananiangalia. Alinipungia kidole kimoja nisogee. Nikainama.

Aliniuliza kwa sauti ndogo mbona yule Sista amesema yeye anavimba mdomo, ni lini hiyo. Nikamwambia pumzika shangazi. Akasema atapumzika, ila kwanza nimjibu, maana mdomo ni wake na yeye ndiye amekaa nao miaka sabini na moja.

Nilimwambia daktari wa chini ndiye aliyekataza ile dawa, na mimi nimeona njia nyepesi ya kumweleza Sista.

"Kwa nini njia iwe nyepesi?" aliuliza. "Kama daktari alikataza, si ungesema daktari alikataza?"

Utotoni, nilipokuwa nikivunja kitu, alikuwa hanichapi. Alikuwa ananiketisha mbele yake ananitazama hivyohivyo, mpaka naeleza mwenyewe. Safari hii nilitazama pembeni, na macho yangu yakaangukia kitanda cha dirishani, ambako mwalimu alikuwa akijaribu kujaza fumbo la maneno la gazeti na penseli ikimponyoka.

Shangazi akafuata macho yangu. Akamtazama mwalimu kwa muda mrefu. Kisha akanirudia mimi, na uso wake ukabadilika. Alikuwa amesikia mazungumzo yetu yote ya kidonge kimoja na vitano. Wagonjwa hulala macho yamefumba, masikio hayafumbi.

"Na huyo je?" alisema. "Yeye naye anavimba?"

Nilisema nitakwenda kuzungumza na Sista sasa hivi. Nilisimama kabisa. Nilikwenda hatua nne.

Mlango ukafunguliwa. Shemeji aliingia wa kwanza, suti, tabasamu mpaka masikioni. Nyuma yake Karani Mkuu, na nyuma ya Karani wale wageni watatu, wawili wanaume na mwanamke mmoja, wakitembea kwa tahadhari kwenye sakafu yenye kuteleza. Karani alinyoosha mkono kunielekea na kuwaambia wageni kwamba huyu ndiye kijana mwenyewe, aliyetutua mzigo wa Ile Kubwa.

Walinipa mikono. Mikono yangu ilikuwa imelowa, nikaifuta kwenye suruali kati ya mgeni na mgeni.

Yule mgeni mwanamke alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya Sista. Aliuliza swali moja. Mnalijua.

"Inafungua yote," Karani alijibu badala yangu. "Nimeyafungua mwenyewe. Hakuna hata moja lililolalamika."

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu. Watu wangedhani ni mapenzi ya kindugu.

Saa ya ukutani ilifika saa nane. Sista aliomba radhi kwa wageni, akasema dawa hazisubiri, akashika toroli. Magurudumu yake yalikuwa yakilia. Karani alisema vizuri sana, wageni waone kazi yenyewe, kompyuta inasema na Sista anatoa, hakuna karatasi, hakuna kuandika mara mbili.

Kitanda cha kwanza. Kitanda cha pili, dawa mbili za aina moja, mgonjwa akameza zote kwa maji ya kikombe kimoja. Wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi nilikuwa nikihesabu vitanda.

Kitanda cha tano, yule mzee wa dawa sita. Alikataa moja, Sista akambembeleza, akaimeza.

Kitanda cha saba kilikuwa cha shangazi. Sista alimpa dawa nne, na ya tatu haikuwepo. Shangazi alizimeza akiniangalia mimi. Hakuondoa macho hata kidogo.

Toroli likasogea dirishani. Sista alisoma orodha, akahesabu vidonge vitano vyeupe kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Mwalimu akavaa miwani avione.

"Sista," niliita.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Sista aligeuka. Karani aligeuka. Wageni wote watatu waligeuka, na mkono wa shemeji ukanibana begani mpaka nikausikia mfupa.

Wote walinisubiri. Maneno saba yalikuwa mdomoni, yamejipanga.

"Hongera kwa kazi nzuri," nilisema.

Karani alipiga makofi madogo. Wageni wakafuata. Sista aliona haya, akainamisha kichwa kwa heshima, akamgeukia mgonjwa wake na kumkabidhi kikombe. Mwalimu alikipokea, akanitabasamia mimi kwa juu ya miwani, akakipeleka mdomoni.

Nyuma yangu kitanda kililia. Nilidhani shangazi anajigeuza. Niliposikia nyayo zimegusa sakafu ndipo nilipogeuka.

Alikuwa amekaa ukingoni, miguu mitupu chini, mpira wa dripu umevutika mkononi mwake. Mwanamke ambaye saa moja iliyopita hakuweza kuinua shingo. Alijishika kwenye chuma cha kitanda akasimama.

"Sista, hebu acha kidogo," alisema. "Mimi sijavimba mdomo hata siku moja maishani mwangu. Huyu mtoto nimemlea, ndiye aliyeitengeneza hiyo programu yenu. Muulizeni alijuaje kwamba dawa ile si yangu. Halafu muulizeni na za huyu mwenzangu."

Mkono wa shemeji ulitoka begani kwangu. Karani alinitazama, kisha akaitazama kompyuta, kisha akanitazama tena. Sista alikuwa ameshaelewa kabla yao wote. Nilimwona akimgeukia mwalimu na kumshika kiganja ili ashushe kikombe.

Mwalimu alikishusha. Ndani vilikuwa vimebaki viwili.